Kikao cha Dharura kuhusu Kulanti ya Kijani, Kulanti Nyekundu na Ajira ya Dereva

UMOJA WA WAKODISHA MAHEMA NA VITI
Kikao cha saba, Jumanne, saa 9:10 alasiri, chumba cha nyuma cha stoo, kwenye meza yenye mguu mfupi.

Waliohudhuria: Mwenyekiti (mkuu wa mahema), Mama Viti (mkuu wa viti), Mzee Kimya (mjumbe), Katibu.
Waalikwa wasio na kura: Dereva, Fundi.
Asiyehudhuria: Mhazini (amesafiri, aliomba asisumbuliwe).

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao na kuwaomba wajumbe waache yaliyopita. Mama Viti aliuliza kama na harusi ya Jumamosi ni ya kuachwa. Mwenyekiti alisema hiyo ipo kwenye ajenda.

KUMB. NA. 2/7: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA SITA
Katibu aliomba kusahihisha mahali palipoandikwa "Dereva alisema jambo", ili liandikwe jambo lenyewe kama alivyoliandika kwenye rasimu kabla Mwenyekiti hajalikata. Mwenyekiti alisema Dereva hana kura, na maneno ya asiye na kura yanajaza karatasi bure. Kumbukumbu zilithibitishwa. Mzee Kimya aliamshwa ili aunge mkono.

KUMB. NA. 3/7: GARI LA UMOJA
Ilikumbushwa kwamba mwezi uliopita rejeta ya gari ilihitaji kulanti mpya, yale maji ya rangi ya kupozea injini. Mwenyekiti alileta ya kijani, kutoka dukani kwa shemeji yake. Mama Viti alileta nyekundu, kwa kuwa hakubali chochote kitokacho kwa shemeji huyo. Mabishano yalichukua saa mbili. Ili kulinda usawa, kikao cha sita kiliamua kwamba Dereva atie nusu ya kila upande.

Jumamosi gari lilichemka na kuzimika mlimani likiwa na viti mia mbili. Wageni walisimama tangu nikaha hadi keki. Bibi harusi alikalia spika.

Fundi aliweka mezani chupa ya alichokitoa kwenye rejeta: tope la kahawia, zito kama uji uliolala. Alieleza kwamba aina hizo mbili zikikutana huweza kugandana na kuziba njia za maji. Mwenyekiti aliitazama chupa, kisha akasema kwamba angalau hakuna anayeweza kuonyesha wapi kijani inaishia na nyekundu inaanzia, na huo ndio umoja. Mama Viti alisema yeye bado anaiona kijani.

KUMB. NA. 4/7: AJIRA YA DEREVA
Mwenyekiti alieleza kwamba Umoja umeaibika, na kwamba mkono uliotia ni wa Dereva, hivyo aachishwe kazi leo. Mama Viti alipinga, akitaka iachishwe kulanti ya kijani. Ili kulinda usawa, Mwenyekiti alipendekeza Dereva aachishwe nusu: asubuhi awe mfanyakazi, mchana asiwe.

Dereva aliomba kusema. Alikataliwa. Alisema:

"Mwenyekiti, miaka kumi na moja nimewabebea viti. Mimi sitiwi nusu nusu. Nibakisheni mzima au nifukuzeni mzima."

Aliutupa ufunguo mezani. Meza iliyumba, chupa ikamwagika kwenye mapaja ya Mwenyekiti, na kile kilichoegemeza mguu mfupi kikachomoka. Fundi alikiokota. Kilikuwa kijitabu cha gari, kilichotafutwa tangu gari linunuliwe. Alisoma ukurasa wa rejeta: itumike nyekundu, isichanganywe na nyingine yoyote.

Mama Viti aliomba neno "nyekundu" lipigiwe mstari. Limepigiwa.

Fundi aliuliza kama hakuna mtu aliyewaonya. Katibu alitoa rasimu yake kwenye mkoba na kusoma alichosema Dereva katika kikao cha sita: "Wazee wangu, hizi hazichanganywi. Mkichanganya, gari litatuacha njiani." Sauti ya Katibu ilitetemeka, na haoni sababu ya kulificha hilo.

Kura zilipigwa. Dereva abaki mzima: watatu, akiwemo Mzee Kimya, aliyenyoosha mkono kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe. Aachishwe: mmoja, aliyekuwa akijifuta suruali.

Iliamuliwa rejeta isafishwe kwa maji safi mpaka yatoke meupe, kisha itiwe nyekundu peke yake.

KUMB. NA. 5/7: MENGINEYO
Kijitabu kitakaa ndani ya gari. Kwa kuwa meza bado inayumba, Mzee Kimya alipendekeza mguu uegemezwe kwa kumbukumbu za kikao cha sita. Ilipita bila kupingwa. Zilitosha kabisa.

Kikao kilifungwa saa 11:25 jioni. Wajumbe walirudi kwa miguu.

Mwenyekiti: (sahihi, yenye doa la kahawia)

Katibu: (sahihi) Mke wa Dereva, jambo ambalo halikuathiri uandishi huu.