Haingo Anataka Mmoja

Jumapili, 20 Agosti
Pacha wangu Haingo amekuja! Miaka mitatu hajakanyaga huku machimboni. Kaacha gari barabarani, kashuka na viatu vya kisigino juu ya kokoto. Wanawake wakaacha nyundo, wakatutazama. Sura moja — mmoja kavaa hariri, mwingine vumbi hadi kwenye kope. Mmoja wao, Vololona, akapiga kelele: eti Hanta, huyu ni wewe uliyeoshwa?
Nikacheka. Moyoni, hapana.
Haingo anataka kumchukua binti yangu mmoja akasome Antananarivo. Mmoja tu. Atarudi Jumamosi kumchukua.

Jumatatu, 21 Agosti
Nimejigonga kidole mara mbili. Mawazo.
Tulikuwa na miaka miwili shangazi alipokuja kutafuta mtoto wa kulea. Mimi nilikuwa na surua. Basi. Surua! Akabebwa Haingo. Shangazi angechelewa wiki mbili, nani angekuwa daktari wa meno, nani angeponda mawe?

Jumatano, 23 Agosti
Nimempigia Haingo simu. Nimemwomba awachukue mabinti wote wawili. Hapana, mumewe kakubali mmoja. Kisha ananiambia haya maisha hakuyaokota, alisoma kwa bidii.
"Na mimi huku nimelala?"
Nikadhani salio limekwisha. Kumbe analia.
Bora angenitukana.

Alhamisi, 24 Agosti
Ravaka, binti yangu mkubwa, miaka kumi na mmoja, anawafundisha hesabu hata waliomzidi darasa. Soa, minane, kifua kinakoroma kwa vumbi hili. Mmoja akose shule, au mwingine akose pumzi? Mama gani anaulizwa hivyo?

Jumamosi, 26 Agosti
Jana nilimwambia Ravaka ajiandae. Asubuhi nikageuka, nikamwambia Soa. Sasa wote wako kwenye benchi, wameoga. Ravaka kamsuka mdogo wake.
Haingo kafika. Ravaka kamwamkia, halafu, bila kuulizwa — mama mdogo, mimi darasani ni wa mwisho. Mwongo! Na Soa anazuia kikohozi, midomo kaikaza, machozi yanamtoka. Anataka aonekane mzima. Anataka kwenda.
Haingo kauliza, "Yupi, Hanta?"
Nikasema naingia kuchukua shuka. Niko ndani, naandika.
Soa kashindwa. Anakohoa. Haingo anauliza ana nini huyu — Ravaka anajibu upesi, ni mafua tu, mama mdogo, ni mafua tu.
Haingo ananiita tena. Shuka ninayo mkononi. Nikitoka, macho yangu yatamwangukia nani kwanza?