Sura ya Byamungu

Jumatatu, 3 Machi
Mvua ilikatika saa mbili. Nimepalilia maharage ya Mama Byamungu, mistari sita. Akaniletea chai shambani, sukari mingi kama kawaida yake. Mchana nimeziba pancha mbili za pikipiki hapa Base Camp, kambini Nakivale. Kesho Mbarara, mara ya tatu.

Mke wangu Vumilia anauliza hiyo filamu itaisha lini. Sijui. Tuko wanne tuliokuwa askari kule Kongo, kila mtu anatoa sauti yake, halafu Patience na wenzake wanachora. Sura zetu hazitaonekana. Picha za siku zile hakuna, kwa hiyo kila kitu kinachorwa: milima, buti, moshi. Inasemekana katuni ni za watoto. Hizi siyo.

Jumanne, 4 Machi
Kakoba. Chumba cha kurekodi, hapa Mbarara, kiko juu ya duka la magodoro, na magodoro mengine wameyapigilia ukutani kuzuia kelele za boda. Patience ni Munyankore, mwenyeji wa huku, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Kiswahili amekitoa kwa baba yake aliyekuwa polisi. Ananiita mzee. Nina miaka arobaini na moja!

Anauliza vitu vidogo. Byamungu, mwenzangu wa vitani, alivaa nini. Njia ilikuwa ya mawe ama ya udongo. Ulimbeba mgongoni ama begani.

"Halafu, mzee? Ulimweka wapi?"

Nikajibu. Sikukusudia. Nilisema nilimweka kwenye shamba la mihogo, risasi ikiwa kwenye nyonga, akiwa hai. Nilisema nilimwahidi kurudi. Nilisema sikurudi.

Patience akazima mashine, akaniletea maji.

Jumatano, 5 Machi
Sijamwambia mtu. Nimeharibu tairi ya mteja.

Ijumaa, 7 Machi
Leo nimemwambia Vumilia. Miaka kumi na minne ya ndoa na hili hakulijua. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Akaacha kutwanga, akanishika kichwa kwa mikono yenye majani. Akalia kidogo. Halafu akasema jambo ambalo nilikuwa nalikimbia: filamu itaonyeshwa hapa Base Camp, na Mama Byamungu atakaa kiti cha mbele.

Nilipokutana na yule mama hapa Nakivale, miaka kumi na moja iliyopita, alikuwa peke yake. Nyumba yao ya Fizi iliungua na kila kitu, hata picha. Alisikia nilikuwa askari pamoja na mwanawe, akaniuliza alikufaje. Nikamwambia alikufa palepale, hakuumia, nikamzika mwenyewe na sala nikasema. Akanibusu mikono. Tangu siku hiyo mimi ni mwanawe. Nachota maji yake, nalima shamba lake. Watu wote hapa wanamwita Mama Byamungu. Nami pia, kila siku, kwa mdomo wangu.

Patience amepiga simu. Anasema naweza kukiondoa kile kipande cha shamba la mihogo, sauti ni yangu. Neno langu moja tu na kinafutwa.

Nataka kifutwe. Naandika hapa kwa sababu ni kweli.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani wakati wa shukrani Mama Byamungu alisimama. Akamshukuru Mungu kwa ajili yangu, "huyu aliyemufunika mutoto wangu udongo." Watu wakapiga makofi.

Nikamfuata nyumbani. Sikukaa. Nikasema yote nikiwa nimesimama mlangoni, haraka, kama mtu anayetapika.

Akainuka, akaja mlangoni.

"Ulimuacha akiwa anapumua?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nimekula chakula yako miaka yote hii."

Akafunga mlango. Polepole, bila kuubamiza. Ingekuwa afadhali angeubamiza.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeweka bidoni la maji mlangoni kwake asubuhi. Jioni lilikuwa palepale, limejaa.

Jumatano, 12 Machi
Amelipa kijana wa Kirundi kumpalilia. Sufuria yetu imerudi, imesuguliwa mpaka inang'aa. Neema, binti yetu, anauliza bibi amekasirikia nini. Vumilia amesema bibi anaumwa. Nimemwambia Vumilia asimdanganye mtoto. Uongo wa aina hiyo naujua.

Nampenda yule mama. Sikuwa na mwingine. Wangu alifia njiani tukikimbia. Labda ndiyo maana nilimdanganya: nilitaka anipende.

Jumapili, 16 Machi
Hakuja kanisani. Fasi yake kwenye benchi ilikuwa wazi, hakuna aliyekaa.

Patience anangoja jibu. Nimemwambia kile kipande si changu tena. Ni cha mama. Asubiri.

Jumanne, 18 Machi
Saa moja asubuhi Mama Byamungu amesimama mbele ya kibanda changu. Kitenge cha kanisani, viatu vya kufunga.

"Nipeleke Mbarara. Nataka kuona fasi banachora mutoto wangu."

Kule Kakoba alipanda ngazi akishika ukuta, alikataa mkono wangu. Patience alipiga magoti kumsalimia kama wanavyosalimia wakubwa kwao. Akamwekea kiti, akafungua kompyuta.

Byamungu akatokea. Alikuwa anatembea juu ya mlima na bunduki begani. Mama akamwangalia sana.

"Huyu haiko yeye."

Patience akaomba radhi, akasema alichora kutokana na maneno yangu tu. Mama akavuta kiti karibu. Akasema masikio ya mwanawe yalitoka nje zaidi. Paji la uso pana, kama la baba yake. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto: bunduki ihamishwe. Na hapa juu ya jicho alikuwa na kovu, mbuzi alimpiga pembe. Patience anafuta, anachora, anafuta. Kalamu yake inapita juu ya kibao cheusi cha kuchorea na sura inabadilika palepale mbele yetu. Yalipita masaa mawili. Mimi nilikuwa nimeegemea godoro la ukutani. Kila alichosema mama nilikuwa nakijua, na kila kimoja nilikuwa nimekisahau.

Kisha mama akasema, "Aaa." Akagusa kioo kwa kidole kimoja. Ni yeye. Alikuwa mbele yangu, miaka kumi na saba, masikio hayo.

Mama akataka kusikia sauti yangu iliyorekodiwa. Yote. Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi. Boda zinapita. Nilisali na sijui nilisema nini.

Mama akaja, akakaa ngazi ya juu yangu.

"Aliniita?"

Hilo sikulisema hata kwenye mashine.

"Ndiyo, mama. Aliita mama. Mara mingi."

Alilia kwa sauti mpaka mwenye duka la magodoro akatoka kuangalia. Mimi pia nililia. Hatukushikana. Alipomaliza alijipangusa kwa kitenge na kumwita Patience.

"Usitoe kitu. Baache watu basikie vile ilikuwa."

Jumapili, 23 Machi
Mama Byamungu amekula kwetu leo. Bukari, ugali wetu wa Kongo, na sombe na samaki wadogo. Hajasema amenisamehe. Sijamwuliza, na sitamwuliza.

Jana Patience alinitumia ile sura kwa simu, nami nikaenda kuichapisha kwenye karatasi pale Base Camp. Nikampa mama baada ya sala ya chakula. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Neema alitaka kuona, akaonyeshwa: huyu ni baba yako mukubwa, alikuwa anaogopa bata. Neema akacheka. Mama naye akacheka.

Kisha akaniangalia.

"Amekonda. Hamukukuwa munakula?"

Nikamwambia ukweli. Hatukuwa tunakula vizuri. Siku zingine muhogo mbichi, siku zingine maji tu.

Akatikisa kichwa. Akavuta sahani yangu, akaniongezea sombe.