Mtoto wa Zuhura

Mama, shikamoo. Natumaini wanangu hawakusumbui sana.

Niko Mgeta kwenye baridi, miguu imevimba kwa kupanda milima nikiwazungukia wagonjwa. Leo nimempima mtoto mchanga wa Zuhura, mama aliyekwisha kuzika watoto wawili. Mkojo wa mtoto unanuka sukari iliyoungua.

"Na wale walinuka hivi," akasema. "Mama mkwe akaniita mchawi."

Nikamweleza mama mkwe wake kwamba ugonjwa huu mtoto huurithi kwa baba na mama, wote wawili.

Akauliza, "Atapona?"

Maduka siku hizi yamejaa vitu vya nje, lakini maziwa maalumu anayohitaji hayamo. Nikasema ukweli: bila maziwa hayo hataishi. Mama mkwe akamshika Zuhura mkono. "Nisamehe, mwanangu."

Nimechoka, mama. Wapakate wanangu mpaka nirudi.

Mwanao,
Neema