Picha ya Tisa

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umetulia, na ule mlango uliokusumbua mwezi uliopita umekubali kukaa kwenye fremu yake. Huku sijambo. Nisalimie sana wifi, umwambie kikohozi kimekwisha na ile dawa aliyonielekeza ilikuwa chungu kama alivyoniahidi. Binti yako naye msalimie, ingawa nasikia amemnunia shangazi yake kwa kudhani sijamtetea vya kutosha.

Barua yako niliipata Jumatatu. Umeandika kwamba binti hatakuja kujifunza kazi kwenye karakana yetu ya kompyuta, nafasi yake apewe mwingine, na kwamba katika familia yetu mambo ya kompyuta yalishajaribiwa yakashindikana. Umesema hutaki asimame mbele za watu aaibike kama ulivyoaibika wewe. Ningekujibu siku ile ile, lakini nilikuwa na jambo mkononi ambalo halijafika mwisho. Sasa limefika. Orodha ya wanafunzi inafungwa Ijumaa ijayo, kwa hiyo nakuomba usome mpaka chini kabla hujaitia barua kwenye mfuko wa koti la kazi. Najua karatasi zinavyopotelea humo pamoja na misumari.

Unakumbuka diski zako mbili. Ile yenye maandishi yako ya programu, kwa lugha ya C, uliivunja kwa goti siku tuliyorudi kutoka ukumbini kwenye mashindano ya shule. Ya pili, yenye mchezo wenyewe uliokwisha kugeuzwa kuwa tarakimu za mashine, uliitupa kwenye pipa. Niliiokota nikaificha ndani ya kitabu cha ramani, na nimehama nayo nyumba nne. Karakana inaandaa maonyesho ya programu zilizotungwa na vijana wa enzi zile, nami nikaipeleka. Ndiyo, bila kukuuliza. Hasira hiyo iweke akiba, utaihitaji mbele kidogo.

Mchezo ulifunguka. Tarishi wako akaanza kukatiza mitaa na mfuko wake wa barua, mbwa wakamfukuza, wenzangu wakacheka na kugombania zamu ya kucheza. Alipofika hatua ya mwisho, mlango wa posta ukiwa bado umefungwa, skrini ikaganda pale pale ilipoganda siku ile mbele ya walimu na wazazi. Nikajiona nina miaka tisa tena.

Hapo ndipo alipoingia Mama Taratibu. Ndiye fundi wetu mkuu, mama wa miaka sitini na kitu anayevua viatu chini ya meza kabla ya kugusa kibodi. Zamani aliandika programu za pampu za maji, na anasema pampu humfundisha mtu adabu kwa sababu ukikosea watu wanakosa maji. Kaka, sijawahi kuona mtu anayefanya kazi kama yule. Hatumii mashine ya zamani kutafuta kosa, maana hiyo hukimbia tu na huwezi kuiuliza kitu. Anatumia emuleta, yaani programu ndani ya kompyuta mpya inayojifanya ile ya zamani kwa kila kitu, hata kwa uzembe wake. Humo anaweza kuisimamisha mashine katikati ya hatua, akachungulia kumbukumbu yake yote, akairuhusu hatua moja zaidi, akaisimamisha tena. Penseli yake inaandika kila anachokiona kwenye karatasi ya mirabaraba.

Ana sheria moja tu. Hakuna kubahatisha. Mwenye dhana yake aiandike kwenye karatasi, aibandike ukutani, na kosa likishapatikana aisome kwa sauti mbele ya wote. Ukuta ule umeshatutia adabu wengi. Mimi nilibandika kwamba diski imezeeka.

Alifanya kazi hiyo asubuhi tatu. Maandishi yako hayakuwepo, hivyo alikuwa anasoma tarakimu na kurudisha fikra zako nyuma, amri baada ya amri. Siku ya pili akaniuliza aliyeandika alikuwa na umri gani. Nilipomwambia miaka kumi na saba alisema kijana huyu alikuwa na mkono safi, kila alichokifungua alikifunga, na yeye mwenyewe katika umri ule hakuwa hivyo. Nimekuandikia maneno yake kama alivyoyasema, sikuongeza chumvi. Mtu huyu hasifii ovyo. Mimi nina miaka sita pale na sifa niliyowahi kupata ni kwamba nafagia vizuri.

Siku ya tatu akalipata. Katika hatua ya mwisho picha zote za mchezo zinakusanywa ili zipite kwa gwaride. Wewe ulizitengea nafasi ya picha nane. Mchezo ukapakia tisa. Ya tisa haikuwa na pa kukaa, ikamwagikia jirani, na jirani huyo ndiye aliyekuwa ameshika anwani ya mahali mashine inapotakiwa kurudi ikimaliza kazi ile. Lugha ya C, kama ulivyokuwa ukiniambia, haimkemei mtu. Inakuacha ufanye utakavyo. Mashine ikatafuta njia ya kurudi, ikakuta mchoro.

Mama Taratibu alishangaa. Akasema hii si kazi ya mkono ule ule, kuna mtu mwingine aliingia humu. Akazipanga zile tarakimu nane za picha ya tisa kwenye mirabaraba yake, kila moja akiigeuza kuwa mstari wa alama nane za moja na sifuri, akapaka penseli penye moja na kuacha penye sifuri. Kikatokea kifaranga.

Kaka, ni mimi.

Asubuhi ile ya mashindano, ulipokuwa unapiga pasi shati, nilikaa kwenye kompyuta yako. Ulishanifundisha kugeuza michoro kuwa tarakimu, na amri ya kuutengeneza mchezo upya niliijua kwa moyo. Picha zote nane nilizichora mimi, lakini mwanzoni mwa mchezo niliona jina lako peke yako, na mwisho ulikataa katakata nisiuone. Nikadhani unaniringia. Basi nikajitia mwenyewe kwenye orodha ya picha, kifaranga kama ulivyozoea kuniita.

Mchezo ulipoganda nilihisi. Sikujua kwa nini, lakini nilihisi, nikajifariji kwamba kifaranga kimoja hakiwezi kuua mashine. Nikakutazama ukiivunja diski, nikanyamaza. Nimenyamaza miaka ishirini na sita, ukaacha kila kitu ulichokipenda. Wahenga walisema kosa moja haliachi mke. Wewe umeacha kwa kosa ambalo hata si lako. Ilipofika zamu yangu kusoma karatasi ya ukutani nilishindwa. Nilikaa chini nikalia mbele ya watu wazima, na Mama Taratibu akanisukumia kitambaa cha kufutia skrini.

Kisha akasimamisha emuleta kabla ya gwaride, akabadilisha tarakimu moja, tisa ikawa nane, akaiachia. Picha zikapita. Mlango wa posta ukafunguka, tarishi akaingia, na ukatokea ukurasa ambao hakuna mtu aliyewahi kuuona ila wewe. Umeandikwa: Picha zote zimechorwa na mdogo wangu, Kifaranga. Bila yeye tarishi asingekuwa na miguu.

Naomba radhi. Sina neno jingine la kupamba hapo.

Ile tarakimu tuliibadilisha ndani ya emuleta tu. Kwenye diski kifaranga bado kipo, na nimewaambia wenzangu wasikiguse, maana mwenye haki ya kukitoa ni wewe. Njoo kabla ya Ijumaa ukitoe kwa mkono wako, na binti yako awe amekaa kando yako anaangalia. Mama Taratibu ameshatayarisha viti viwili.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Mgongo usiubebeshe mbao nzito peke yako.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,

Kifaranga