Amana ya Babu Saif

Riyadh, 9 Februari 2014

Bibi yangu Jokha,

Assalaam alaykum. Naubusu mkono wako kutoka huku mbali. Miguu inasemaje, uvimbe umeshuka? Mimi mzima, namshukuru Mungu. Shule imefunguliwa, na mume wangu yuko Dammam kikazi. Najua kwenye simu husikii, kwa hiyo barua hii nampa jirani anayekuja umra.

Bibi, Ijumaa waliniita watoto wa marehemu Abu Fahad, yule rafiki wa Babu aliyekaa mtaa wa Manfuha. Nyumba yao ya udongo imeuzwa, vyombo viko nje. Mkubwa wao akaniletea furushi la turubai.

"Wewe ndiye mjukuu wa Saif wa Zanzibar?"

"Ndimi."

"Baba aliusia. Hii amana ya Saif, apewe mtu wake. Chukua, halas."

Mkewe akacheka mlangoni: "Ichukue, dada! Tangu niolewe naizunguka kwa ufagio."

Ndani mna bunduki ya zamani, Bibi. Ya marisau, mitutu miwili, nyundo mbili juu kama masikio ya paka. Chuma chake kina michirizi inayozunguka, utadhani maji yamegandishwa yakiwa yanakwenda. Nimeiweka chini ya kitanda na silali vizuri. Babu yangu, aliyekuwa akitoka nyumbani siku ya kuchinja mbuzi wa Idd, bunduki aliipatia wapi?

Nitaipeleka polisi, lakini nataka kwanza kuijua.

Mjukuu wako,
Safa


Jeddah, 27 Februari 2014

Mjukuu wangu Safa,

Waalaykum salaam warahmatullah. Miguu ni ya kizee, usiiulize sana. Wewe kula, maana mama yako kaniambia umekuwa kama ufito, na mume akiwa Dammam najua unakunywa chai tu.

Saif hakuwa na bunduki. Aliyekuwa nayo ni Idi, mume wangu wa kwanza, kaka yake. Baba yako hapendi hadithi hizi, ndiyo maana hukuzisikia. Idi alifukuzia kima shambani, na wageni wote lazima awaoneshe: "Tazameni, kazi ya Mwingereza hii!" Siku moja ilimponyoka ikavunjika shingo, pale kitako kinapokutana na chuma. Nikaishonea ngozi ya mbuzi mbichi kwa mshono wangu wa kofia. Ilipokauka ikabana kuliko msumari. Watu walicheka: bunduki imevishwa kofia.

Mapinduzi yalipotufikia, Idi alimpa Saif bunduki akamwambia, "Itupe kisimani. Wakija wakute watu, wasikute silaha." Saif akarudi akaapa mbele yangu kwamba ameitupa. Alasiri ile ile Idi aliuawa. Saif akatuvusha bahari, na eda ilipokwisha akanioa, kama watu walivyoona inafaa.

Basi hiyo uliyonayo si ya Idi. Ya Idi iko chini ya maji. Hiyo ipeleke inakopelekwa, usilale nayo nyumba moja.

Bibi yako,
Jokha


Riyadh, 14 Machi 2014

Bibi yangu,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta na afya. Mimi nakula, wallahi, mwambie Mama.

Sikuipeleka. Nisamehe. Kila nikitoka shule naitandika mezani naisoma, natafuta kila alama kwenye mtandao. Ubavuni pana jina la Kiingereza, kubwa, lenye maua. Lakini nilipotenganisha mitutu na kitako, chini yake, mahali pasipoonekana bunduki ikiwa nzima, nilikuta muhuri mdogo wa umbo la yai, herufi E, L na G, na taji juu. Huo ni muhuri wa Liège, Ubelgiji. Wabelgiji waliziandika bunduki zao majina ya Kiingereza ili ziuzike. Aliyeinunua alidhani kanunua ya Mwingereza.

Nilitaka kukuficha linalofuata. Nimeshindwa. Shingoni ina ngozi, nyeusi kama lami. Nimeuhesabu mshono kwa kidole huku nimeshika kofia ya Babu uliyonipa. Ni mshono ule ule, Bibi. Ni mkono wako.

Na inaachana vipande vitatu bila chombo chochote. Kilicho kirefu hakizidi mkono wangu. Ilitokaje Unguja? Unakumbuka chochote?

Mjukuu wako,
Safa


Jeddah, 2 Aprili 2014

Safa,

Salaam. Mimi mzima.

Tulipovuka, Saif alibeba godoro moja la sufi. Hakumruhusu mtu kulikunjua. Nililalia godoro lile mpaka Dar es Salaam, na lilikuwa na kitu kigumu kikinichoma ubavuni. Nilimwambia, shemeji, godoro lako lina mawe. Akalia. Nikadhani anamlilia ndugu yake.

Basi alikuwa nayo. Alimwacha Idi mikono mitupu, akaenda kujificha na bunduki ya mwenyewe. Tangu siku ile sikuacha kumwita shemeji, mpaka namfumba macho hospitali. Mlikuwa mkicheka, mkidhani ni mzaha wa wazee. Moyo wangu ulijua kuna kitu, haukujua ni nini. Sasa umejua.

Usinitumie picha ya bunduki hiyo.

Jokha


Riyadh, 20 Aprili 2014

Bibi yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Nakuomba uketi, usome taratibu, na usiichane barua kabla ya mwisho.

Nimekosa usingizi kwa ajili ya Babu. Aliyenifundisha kusoma alikuwa yeye. Sikuweza kumwacha katika barua yako ile.

Nyuma ya mitutu kulikuwa na kutu nene, nikadhani ni uchafu. Nilikwenda mtaa wa Batha kwa fundi wa majambia, Myemeni. Akaimwagia mafuta, akaisugua kidogo, ghafla akaruka nyuma. "Binti! Hii umeileta kwa teksi? Ina risasi!" Nilikuwa nimeilalia tangu Februari.

Alizitoa polepole, maana zilikuwa zimevimba zikashika. Mtutu wa kulia ulikuwa na ganda tupu: risasi ile ilipigwa. Wa kushoto ulikuwa na risasi nzima. Lakini fataki yake, kile kidude cha shaba katikati ya kitako cha risasi, imebonyea. Nyundo iliipiga ikakataa kuwaka. Nadhani ilikuwa imekula unyevu.

Umeona, Bibi? Hakujificha nayo. Alifyatua mara ya kwanza ikalia. Akafyatua ya pili, ikamsaliti. Ndipo akakimbia, na angefanya nini tena? Alimpigania ndugu yake, akaona haya kwamba alishindwa. Nakuomba umwite mumeo, hata sasa, hata kwa siri.

Niambie tu kama siku ile ulisikia mlio mmoja.

Mjukuu wako anayekupenda,
Safa


Jeddah, 21 Juni 2014

Mjukuu wangu Safa,

Waalaykum salaam. Nimechelewa. Si ugonjwa. Kila nikianza kukuandikia nilikuwa naweka kalamu chini.

Nilisikia mlio mmoja.

Sikumwambia mtu haya, hata baba yako. Nilikuwa stoo, chini ya magunia ya karafuu, na mlango ulikuwa na ufa. Watu wale walikuja. Idi akatoka mikono juu. Wakamwuliza, "Una silaha?" Akasema, "Sina, ingieni mtazame." Wakaingia, wakatazama, wakatoka. Mmoja akachukua birika letu. Wakamzunguka pale uani wakimwambia asitoke nje mpaka kesho. Walikuwa wanaaga, Safa. Nilisikia miguu yao inaondoka.

Ndipo ikalia, upande wa kisimani.

Wakarudi. Yule wa birika alikuwa akipiga kelele, "Umesema huna! Umesema huna!" Nilimwona Idi baadaye. Hakuwa na tundu la risasi. Walikuwa na mapanga.

Miaka yote nilidhani mlio ule ulikuwa wa kwao. Saif aliwaona wamemzunguka ndugu yake, hakusikia wanayosema. Alitaka kumwokoa. Hilo nakubaliana nawe, umelithibitisha vizuri, umesoma. Angeitupa kisimani kama alivyoambiwa, wangekwenda zao.

Sasa naelewa kwa nini hakuiweka nyumbani kwangu. Naelewa kwa nini alitoka nyumbani siku ya kuchinja mbuzi. Angeniambia, nisingeolewa naye, na baba yako asingezaliwa, na wewe usingekuwepo kuitandika mezani.

Ipeleke polisi. Wakikuuliza ni ya nani, sijui utawajibu nini.

Kila Alhamisi, tangu Saif afariki, nawasomea Yasini wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Juzi nilifungua msahafu nikakaa nao mapajani mpaka adhana ya isha. Sikujua nianze na nani.

Bibi yako,
Jokha