Mashine ya Talib na Mlango wa Bi Duni

Makoongwe,
Mkoani, Pemba.
14 Mei 2025

Mpendwa ndugu yangu Talib,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nataraji barua hii itakukuta wewe, Rumaitha na watoto mko na afya, na joto la Maskati halijaanza kuwachoma. Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Mvua ya masika haikatiki, kuku wote wamehamia jikoni kwangu, na mama yangu goti lake limepoa kiasi cha kuweza tena kugombana na kila anayepita.

Najua unayetaka kumsikia kwanza ni mama yako, nami sitakuweka. Bi Duni mzima. Anakula, anasali, eda yake inakwenda vizuri na amebakisha kama miezi miwili. Marehemu baba yako, ami yangu Khatib, tunamwombea kila baada ya sala, Mwenyezi Mungu amlaze pema.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia karatasi na simu ninayo mkononi. Ni kwa sababu kwenye kundi la ukoo nikisema neno moja wananijibu watu wote, hata wasiojua ninazungumza nini, na habari hii inataka msomaji mmoja aliyekaa kitako. Moosa wa dukani anasafiri kuja huko, nimempa barua hii na halua ya Wete. Halua usiimalize peke yako, watoto wataniambia.

Haya, sasa keti. Ile mashine uliyomtumia baba yako imefanya kazi, na aliyeifanyisha kazi ni mimi, Shadya, fundi cherehani, uliyekuwa ukinicheka kwamba sijui hata kubadilisha balbu.

Najua wewe na dada yako Afra mlishakubaliana kwamba aje amchukue mama, akamalizie eda kwake Unguja. Siwalaumu. Mliambiwa mama kateleza chooni alfajiri, mkaingiwa na hofu, na nani asingeingiwa na hofu? Lakini hamkuambiwa kwa nini mtu mzima anaoga gizani wakati mchana upo. Mwenyewe aliona haya kusema. Mimi nimelijua kwa kuwa tangu msiba nalala naye pale nyumbani.

Sababu ni marumaru zako. Usikasirike, nzuri sana, zinang'aa, kila mgeni anazisifu. Ila zilipotandikwa mwaka jana sakafu ya choo ilipanda, na mlango ukawa haufungiki tena. Unafungukia ukumbini, na ukiuvuta ufunge, chini unagota kwenye marumaru na kusimama hapo hapo. Baba yako akatundika pazia na maisha yakaendelea, walikuwa wawili tu ndani ya nyumba, nani amwonee haya nani? Sasa nyumba inajaa wanawake kutoka asubuhi mpaka isha, wanakuja kukaa na kizuka, mjane aliye edani, na mama yako hawezi kuoga nyuma ya pazia linalopepea. Ndiyo maana akawa anaamka kabla ya watu wote, na ndiyo maana akateleza.

Kuhama hataki. Kila anayemgusia anajibiwa maneno yale yale: "Niliolewa humu, mume wangu katolewa humu, na mie eda nitaitokea humu." Akishasema hivyo anageukia ukutani, na mazungumzo yamekwisha. Nilimwona anakonda kwa ajili ya mlango, Talib. Iliniuma sana.

Fundi Ahmada tulimwita. Alifika mpaka barazani akasimama, maana ndani kuna kizuka na yeye si maharimu wake. Mwanamume pekee wa karibu anayeweza kuingia ni kaka wa mama yako, Mzee Mjaka, na mikono ya Mzee Mjaka inatetema hata bila mashine. Tukasema basi mama afichwe chumbani fundi aingie, lakini nilipomweleza ulivyo mlango, akatikisa kichwa. Alisema bawaba zimepigwa misumari isiyong'oka, itabidi fremu yote ivunjwe na ukuta ubomolewe. Misumari unajua ni ya nani. Baba yako hakutengeneza kitu maishani bila kukiongezea msumari, na akishautia, hautoki.

Hapo ndipo nilipolikumbuka lile sanduku lako la mashine. Lilifika baada ya maziko, likakaa chini ya kitanda bila kufunguliwa, na wazee walianza kubishana kama limo katika mirathi au halimo. Shehe akawamalizia ubishi: zawadi ambayo haijapokelewa bado ni mali ya aliyeituma. Kwa hiyo ni lako. Ndiyo maana nilikutumia ujumbe kuomba nilifungue, nawe ukajibu "fungua" bila kuuliza zaidi. Nakushukuru kwa kutouliza, ningekueleza ungenikataza.

Tulipolitoa, mama yangu alisema ni mashine ya kukunia nazi. Jirani mmoja akasema ni ya kukandia miguu. Mimi nikasoma michoro ya kwenye karatasi, nikachaji betri, nikawasha, na Talib, nilipenda papo hapo. Jino lake la kukatia halizunguki kama la mashine nyingine za kukatia. Linatikisika tu kushoto na kulia, upesi hata macho hayalioni, kwa hiyo halikurukii wala halikunyang'anyi kazi mkononi. Mtu aliyekaa na cherehani miaka yote hatishiki na kitu kinachotetema. Nilijifunzia kwenye mbuzi ya nazi iliyovunjika, nikaikata vipande vya kuni kabla ya adhuhuri, na raha niliyoiona siwezi kukueleza.

Siku ya kazi yenyewe ungekuwepo. Mimi nimepiga magoti ukumbini mbele ya mlango, kanga nimejifunga puani, miwani ya mama yangu usoni. Mama yako kwenye kigoda nyuma yangu, tasbihi mkononi. Fundi Ahmada nje barazani, dirisha wazi na pazia limeteremshwa. Kwa adabu zao hawasemezani, ila wote wawili wanasikia kila kitu.

"Bi Shadya," anasema fundi, "chukua kipande cha marumaru kilichobaki, kiweke sakafuni hapo ukumbini chini ya mlango, tia na kadibodi juu yake. Jino lilaze hapo, lisipande wala lisishuke. Usilikandamize, liache lile lenyewe."

"Mwambie fundi asimharakishe mtoto," anasema mama yako.

"Mwambie Bi Duni simharakishi."

"Mwambie nimemsikia."

Na mimi hapo katikati sijamwambia mtu kitu. Lakini hila ya yule fundi ilikuwa ya kweli. Marumaru ndiyo iliyouzuia mlango, na marumaru ndiyo iliyonipimia pa kukata. Jino likalala juu yake likaingia kwenye mbao kama kisu kwenye mkate wa boflo, vumbi likanijaa mapajani, mlango haukutoka mahali pake wala ukuta haukuguswa.

Nilikuwa nimeshafika katikati, kichwa kimevimba kwa sifa ninazojipa, mara ukelele, cheche, na harufu ya kuungua. Nikazima. Meno ya ukingoni yote yamelika, jino limekuwa laini kama ukucha. Nilikuwa nimegonga msumari ndani ya mbao.

"Wake huo," akasema mama yako. "Nlimwambia mlango huno hautaki msumari hapo. Kanambia, 'Weye Duni, utakuja kunshukuru.'" Akaanza kucheka. Alicheka mpaka tasbihi ikamponyoka, na kule barazani nikamsikia fundi naye anacheka peke yake. Tangu msiba sikuwa nimemsikia mama yako akicheka.

Sandukuni mlikuwa na jino jingine, la chuma, lenye meno madogo madogo. Nikalitia, nikaenda nalo polepole kama alivyoniambia fundi, na msumari wa ami ukakatika. Kipande mama yako amekichukua, sijui amekiweka wapi. Kilichobaki cha mbao nikakimalizia kwa lile jino la chuma. Lilichukua muda, mgongo ukaniuma, lakini lilifika. Nikapiga msasa, tena kwa mashine ile ile, inabadilishwa kichwa tu. Kisha nikausukuma mlango kwa kidole kimoja, ukaenda ukafunga. Nilipiga kigelegele nikasahau kabisa nimo katika nyumba gani. Mama yako hakunikemea.

Komeo jipya pia nimelitia mwenyewe. Mashine hii unaielekeza kwenye fremu na inazama palepale, inachimba tundu la pembe nne ambalo patasi ingelihangaikia nusu siku. Tundu la kwanza nililikosea, nikalifunika kwa kibao. Utaliona ukija, ila usimwambie Fundi Ahmada. Na kwenye marumaru nimetandika mkeka wa mpira, asiteleze tena.

Nilipozima mara ya mwisho na kuanza kufagia, mama yako akaniuliza mbona nimezima. Nikamwambia kazi imekwisha. "Iwashe tena kidogo," akasema. Nikaiwasha, haikati kitu, inaunguruma tu mkononi mwangu. Alifumba macho akasikiliza, kisha akanionyesha kwa mkono basi. "Nyumba hino ilikuwa haijasikia kazi tangu kaondoka mwenyewe." Nililia, Talib, sikufichi. Nilimkumbuka ami yangu siku ile kuliko hata siku ya maziko.

Habari zimeshaenea. Mmoja anataka dirisha lake lifunguke, mwingine kabati la jikoni limevimba kwa mvua, na wote wanasema afadhali aje Shadya, hatutahangaika kujifunika. Nguo za watu zimelala kwenye cherehani na sina hata aibu. Ukipata nafasi nitumie meno ya kukatia mbao, yale yanayostahimili misumari, maana katika nyumba hii sijui nitakutana na mingapi.

Sasa lililobaki ni la Afra, na ndilo lililonifanya niandike.

Alivuka kuja kwetu Alhamisi, na mkoba, na tiketi mbili za boti za kurudi Unguja. Hatukuwa tumemwambia habari ya mlango, tulitaka auone mwenyewe. Mama yako alimpokea, akamlisha, akamuulizia wajukuu mmoja mmoja. Wageni walikuwa wamejaa ukumbini. Afra akaanza kwa upole: mama, nyumba hii haikufai sasa, mimi na Talib tumeona hivi na hivi.

Mama yako alinyanyuka, akachukua kanga yake na sabuni, akapita katikati ya wageni adhuhuri kavu, jua limewaka, Afra anamfuata nyuma bado anasema. Akaingia msalani, akaufunga mlango. Tukasikia komeo linaingia. Afra akabaki amesimama mbele ya mlango ule, kisha tukasikia maji.

"Afra," ikatoka sauti ndani, "mie naoga. Kakae na wageni wangu."

Afra alikaa nao. Jumapili amerudi peke yake, na kabla hajapanda boti akanishika mkono akasema, "Talib mwandikie wewe, mimi sitaweza kumweleza." Basi nimekueleza.

Mpe salamu Rumaitha, umbusu mwanao mdogo kwa niaba ya shangazi yake. Mama yangu Mwanabaraka anakusalimu, anasema bado haamini kwamba si ya kukunia nazi. Mzee Mjaka anakusalimu, na Fundi Ahmada anakuombea dua. Mama yako anasema umwombee baba yako, na ukija uje na nafasi, usije na haraka. Mwenyezi Mungu akuzidishie riziki ya halali, akulinde ugenini, na awarudishe kwetu mkiwa wazima wote.

Ni mimi dada yako, mwenye vumbi la mbao kichwani na mapenzi tele moyoni,

Shadya