Programu ya Kuchoma Sidii ya Nyimbo za Babu

Mjukuu wangu Biira,

Huku Bwera tuko wazima, na kahawa imeanza kuiva. Babu yako anauliza nyimbo zake zimefikia wapi. Nawe waniuliza uzichome sidii kwa programu ipi kati ya hizo mbili za kompyuta yako.

Nilipokuwa msichana nilipeleka kanda ya nyimbo alizoimba marehemu mama kwa fundi wa Kasese, ili ainakili.

"Mashine hii ni ya haraka," akasema. "Ile ingine ni polepole, lakini utasikia yote inaponakili."

Nikachagua ya polepole. Katikati ya wimbo mama alikosea maneno, akacheka. Kicheko hicho nilikuwa nimekisahau kabisa.

Je, ipi kati ya programu zako inakuwezesha kusikiliza kwanza? Ijaribu, kisha uniambie umesikia nini.

Bibi yako akupendaye